Ukuta wa vidaka: kupamba sebule kwa vyombo vya kauri vya zamani

Assalaam aleykum, karibuni nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Leo tunapamba ukuta huu hapa nyuma yangu. Mezani nimepanga vyombo sita vilivyolala ndani ya kasha la bibi tangu alipotutoka. Tutavikagua, tutaviosha, tutavitengenezea vidaka, yaani vijumba vidogo vya ukutani vya kuwekea vitu, kisha tutaviweka mahali pake. Hata kama wewe una bakuli moja tu, fuatana nami, kazi ni ile ile.

Kabla ya yote, mdogo wangu, sogeza kamera hapa kwenye kitako cha sahani. Mnaona? Kwenye ule ukingo unaokaa mezani pana matundu mawili madogo, yamekaribiana, yanatosha kupita uzi mnene. Kando ya matundu, tabaka la kung'aa limemeguka. Yangetobolewa kabla sahani haijaingia tanuri, tabaka hilo lingeyafunika. Basi aliyetoboa ni mtu aliyekuwa nayo sahani mkononi, akaitoboa polepole bila kuivunja, apate kuitundika ukutani.

Ndiyo maana nasikitika nikisikia kwamba kupamba nyumba kwa vyombo ni kuiga watu wa mbali. Toka hapa mjini, ifuate barabara ya Pangani kilomita kama 17, ufike Tongoni. Pale pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, na kwenye makaburi ya nguzo, yale yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, utaona vishimo vya mviringo. Humo zilipachikwa bakuli za kichina. Kaole, kule Bagamoyo, ni vivyo hivyo. Wazee wetu walipamba kwa kauri nyumbani na hata kaburini. Ila nawaombeni sana, mkienda kutembea msiokote hata kigae. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda, na kigae kilichong'olewa pale hakina tena cha kusimulia.

Haya, tuanze. Hatua ya kwanza ni kujua ulicho nacho.

Kauri halisi ni udongo mweupe wa kaolini uliochanganywa na jiwe lililosagwa, ukachomwa kwenye joto la nyuzi 1,300 hivi mpaka ukawa mgumu kama kioo. Mji uliovuma kwa kazi hiyo kule China ni Jingdezhen. Washa tochi ya simu, iweke ndani ya bakuli, zima taa. Kama ni kauri nyembamba, mwanga utapenya na utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kisha likalishe kwenye kiganja, lisishikwe pembeni, uligonge mdomoni kwa ukucha, taratibu. Lililo zima hulia tiii, sauti ikaenda mbali kidogo. Lenye ufa hulia kama kibao, hata kama ufa wenyewe huuoni. Chombo cha namna hiyo usikitie maji.

Sasa bakuli hili la maua mekundu. Mwanga haupiti. Ligeuze: lina mhuri wa Petrus Regout, Maastricht. Hilo ni la Uholanzi, la kiwanda kilichoanza miaka ya 1830, na bakuli za Maastricht zililetwa kwa wingi kwenye mwambao wetu. Si kauri, ni udongo mweupe uliopakwa rangi ya kioo. Mwenye duka la vitu vya kale huenda akalidharau. Mimi ndilo nitakaloliweka katikati, kwa sababu ndilo bibi alilolitumia kututilia kunde za kufuturia.

Na herufi za kichina chini ya chombo? Zisikupumbaze. Wafinyanzi wa enzi ya Kangxi, kati ya 1662 na 1722, walikuwa wakiandika mhuri wa Chenghua, mfalme aliyetawala miaka mia mbili nyuma yao, na waliofuata nao wakaandika wa Kangxi. Mhuri peke yake haukupi umri. Ila ukikuta jina la nchi limeandikwa kwa Kiingereza, kwa kawaida chombo hicho hakitangulii 1891, mwaka ambao sheria ya forodha ya Marekani ilianza kudai jina la nchi kilikotoka kitu. Mimi mwenyewe niliuziwa vasi nikaambiwa ina miaka mia tatu. Nilipofika nayo nyumbani nikaifuta kitako kwa kitambaa chenye maji, uzee wote ukahamia kwenye kitambaa. Ilipakwa rangi ya viatu. Kwa hiyo ukinunua, omba kitambaa hapo hapo dukani, ufute mbele ya muuzaji.

Hatua ya pili, kuosha. Chukua beseni la plastiki, tandika taulo chini yake, tia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo. Osha kimoja, kitoe, kikaushe, ndipo uchukue cha pili. Usivilundike pamoja. Vua pete na bangili. Jiki usitumie, stilwaya usitumie. Chombo chenye dhahabu au rangi unayoihisi kwa kidole, au kilichowahi kugundishwa, usikizamishe kabisa. Kifute kwa brashi laini kavu. Na tangu leo visipakuliwe chakula. Baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi, na ndimu au siki huitoa ikaingia kwenye chakula.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa: kidaka. Wengine mnaita shubaka. Nyumba za kale za mawe zilikuwa na kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa kufika nusu mita, kwa hiyo fundi aliweza kuchimba kidaka ndani ya ukuta wenyewe. Nyumba zetu za leo ni tofali za inchi 5 au 6. Ukichimba humo unaudhoofisha ukuta, na pengine unakata bomba la waya. Usichimbe. Badala yake tunausogeza ukuta mbele: fundi seremala atengeneze fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 20, aigawe vyumba, aifunge ukutani kwa skrubu zisizoshika kutu, kisha uso wake, isipokuwa midomo ya vyumba, uzibwe kwa bodi na kupakwa rangi ileile ya ukuta. Fundi wangu alipendekeza jipsamu tupu. Nikakataa, kwa sababu jipsamu bila mbao nyuma yake haibebi uzito, na unyevu wa bahari yetu unailainisha.

Vyumba visiwe sawasawa vyote. Mimi nimefanya vitano: kimoja kirefu cha vasi, viwili vya wastani, viwili vidogo. Chumba kiwe na nafasi ya kiganja pande zote za chombo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanajaza. Chombo kimoja, kidaka kimoja. Kile cha sita kimerudi kashani, tutabadilishana baada ya Idi. Na kidaka cha katikati kiwe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, sentimita kama 115 kutoka sakafuni, kwa sababu mgeni wako atakaa, hatasimama kama yuko makumbusho.

Rangi: ndani ya kidaka paka nyeupe isiyong'aa, au chokaa. Rangi ya mafuta inarudisha mwanga na kushindana na chombo. Buluu ya kobalti juu ya weupe wa chokaa inatosha kabisa.

Hatua ya nne, kuviweka. Vasi ndefu ina kichwa kizito na kitako chembamba, na hapa kusi ikivuma madirisha yanapigwa. Shona kimfuko cha kitambaa, kijaze mchanga wa mtoni uliooshwa na kukauka, ukishushe ndani ya vasi mpaka theluthi moja. Mchanga wa baharini hapana, chumvi yake inavuta unyevu. Chini ya kitako weka vidonge vitatu vidogo vya nta, ubonyeze kidogo. Chetezo kikae mbali, walau mita moja, maana moshi wa udi una mafuta na huacha utando wa kahawia juu ya kauri.

Maua? Asumini, au mkadi ukipata. Ila maji yasiguse vasi. Weka glasi ndani yake, maua yakae kwenye glasi.

Imebaki sahani yetu yenye matundu. Dada yake, ya maua yale yale, niliitundika miaka minne iliyopita kwa kulabu ya waya yenye springi. Ilipendeza sana. Hewa ya bahari ikaila ile waya kimyakimya nyuma ya sahani, mahali ambapo sikuwa naangalia, na alfajiri moja tukaamshwa na mlio. Vigae vyake ninavyo, nimevifunga kwenye kanga. Kwa hiyo hii sitaitundika, hata kwa matundu yake mwenyewe. Itakaa ndani ya kidaka, imeegemea kibao cha mninga chenye mfereji uliotandikwa kitambaa.

Lakini nikiiegemeza, matundu yanajificha nyuma. Nimefikiria siku mbili, nikapata hivi: mdogo wangu, nipe kile kioo. Kioo kidogo cha mkono, nakigandisha kwenye ukuta wa ndani wa kidaka, usawa wa kitako. Sasa naweka sahani, naiinamisha kidogo. Njoo na kamera upande huu, chini kidogo. Hapo hapo. Yanaonekana yote mawili.