Mvua Ikinyesha Tunapumzika

Wakubwa zangu shikamooni. Mafundi wa Moshi, na nyinyi vijana mliojibana pale mlangoni, karibuni.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, nilichora madarasa mawili ya shule moja huku tambarare. Ramani ilisifiwa sana. Masika yalipoingia nikaenda kuyaona. Mvua ikashuka, bati likaanza kupiga, na mwalimu akaweka chaki chini, akakunja mikono. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole: “Mvua ikinyesha tunapumzika.” Dari hatukuweka. Fedha ilikuwa imeishia kwenye vigae vya barazani, kwa sababu niliyemuuliza anataka nini ni mfadhili. Mwalimu sikumuuliza.

Msanifu majengo Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi Berlin, Ujerumani, alipochangisha fedha za shule ya kijijini kwao Gando, nchini Burkina Faso. Ilikamilika mwaka 2001. Adui wa kule ni joto. Wakachukua udongo wa palepale, wakatia saruji kidogo, wakashindilia matofali. Hata dari ni ya matofali, ina matundu, na bati limenyanyuliwa juu yake kwa kenchi za nondo. Hewa ya moto inapenya kwenye matundu, upepo unaichukua. Mwaka 2022 Kéré alipata tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Sawa, tunampongeza. Ila mimi napenda zaidi habari ya zile kenchi: wanakijiji walifundishwa kukata nondo na kuchomelea wenyewe. Kenchi ikilegea leo, hakuna haja ya kupiga simu Ujerumani.

Na hapa jirani Rwanda, hospitali ya Butaro, ya mwaka 2011, kuta zake ni za mawe ya volkano ambayo wakulima waliyaona kero shambani. Mawe ya namna hiyo sisi tunayo. Tunayasukumia pembeni mwa migomba, halafu tunakodi lori kufuata tofali.

Shule ile nilirudi. Tukapigilia dari ya mbao za mgrevilea, ule uliojaa mashamba ya kahawa huko juu. Mwalimu akafurahi, kisha akanionyesha kina mama wanaongojea watoto juani. Alitaka kibaraza. Hicho nacho hakikuwamo kwenye ramani yangu.

Mama wa kitenge cha njano umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu mama, uliza.