Rising Star ya AFLW: siyo umri peke yake

Habari za nyumbani, wapendwa. Leo kutoka huku Melbourne tunazungumzia tuzo ya Rising Star, ile ya mchezaji bora kijana kwenye AFLW, ligi ya wanawake ya futiboli ya Australia. Wengi wenu mnadhani ni tuzo ya msichana mdogo kuliko wote, au ya aliyesajiliwa mwaka huo. Sivyo.

Masharti ya kuangalia ni mawili. Mchezaji awe chini ya miaka 21, halafu awe ameanza msimu akiwa na mechi zisizozidi 10 za ligi. Hili la mechi ndilo watu wanalolisahau, na ndilo lenye haki ndani yake. Isabel Huntington alichaguliwa namba 1 na klabu ya Western Bulldogs mwaka 2017, kwenye zamu ya klabu kuchagua wachezaji wapya. Mechi yake ya kwanza tu, 2018, ligamenti ya goti ikakatika. Sheria ingesema "mwaka wa kwanza", ndoto yake ingeishia pale. Kwa kuwa zinahesabiwa mechi, alirudi na tuzo akaichukua 2020.

Uteuzi hufanyika raundi baada ya raundi. Ligi ilipoanza 2017 waliteuliwa wawili kila raundi. Mwisho wa msimu jopo linapiga kura kati ya hao walioteuliwa, kwa hiyo ukisikia binti kateuliwa, usishangilie kama kashinda. Na mkisoma orodha msichanganyikiwe na 2022: mwaka ule misimu ilikuwa miwili, washindi wawili, Mimi Hill wa Carlton kisha Hannah Ewings wa Port Adelaide.

Si lazima uwe mfungaji. Chloe Molloy alishinda 2018 na Collingwood akicheza nyuma, kwenye ulinzi. Ebony Marinoff wa Adelaide, mshindi wa kwanza kabisa, sifa yake kubwa ni kukaba: anamnasa mwenye mpira kabla hajautoa. Mwaka 2024 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Sasa nyie wa netiboli, sikilizeni vizuri, maana kudaka mnajua na kuruka mnajua. Kinachowaponza ni mkono. Huku mpira haurushwi. Kumpasia mwenzako kwa mkono, unaushika kwa kiganja kimoja, unaupiga kwa ngumi ya mkono mwingine. Ukiurusha kama netiboli, filimbi inalia na wapinzani wanapewa mpira. Ukikimbia nao, kila mita 15 uudundishe au uuguse chini, na kwa kuwa mpira una umbo la yai, ukiudundisha vibaya unakukimbia. Anzeni kwa kuugusa chini, kudundisha kutakuja.

Umri nao hauna huruma. Akec Makur Chuot, aliyeishi kambi ya wakimbizi Kenya kabla ya kufika Perth, aliingia AFLW na Fremantle 2017. Alicheza kwenye ligi, lakini miaka 21 alikuwa ameshaipita, tuzo hii haikumhusu. Kwa hiyo wazazi mnaohamia huku na mabinti wa miaka 12 au 13, watafutieni klabu ya mtaani mwaka uleule mnaofika. Akianza na miaka 20 ligi bado anaweza kuifikia, ila Rising Star itakuwa imeshampita.