Jiwe na Hadithi Yake: Mhadhara juu ya Mandhari na Simulizi za Aisilandi

Waheshimiwa wenyeji wangu, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kunipa jukwaa hili. Nitazungumza juu ya mandhari ya Aisilandi na simulizi zilizofungamana nayo, na ni vyema nitamke mapema dai ninalokuja kulitetea. Ngano zetu nyingi huanza "hapo zamani za kale" na zaweza kutendeka katika kijiji chochote. Simulizi za Aisilandi, kwa sehemu kubwa, hazina uhuru huo. Zimefungwa kwenye jiwe fulani, poromoko fulani la maji au ufa fulani wa barafu, kiasi kwamba ukiing'oa hadithi mahali pake inapoteza maana, na mgeni anayepiga picha ya mahali bila kuijua hadithi yake huondoka akiwa ameona nusu.

Aisilandi ni kisiwa chenye kilomita za mraba zipatazo 103,000 katika Atlantiki ya Kaskazini, pale mabamba mawili ya ganda la dunia yanapoachana polepole mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana volkeno na barafuto, yaani ile mito mikubwa ya barafu inayofunika milima, hukaa pamoja katika nchi moja, mara nyingine moja juu ya mgongo wa nyingine. Walowezi kutoka Norwei na kutoka visiwa vya Uingereza na Eire walianza kuhamia huko karibu na mwaka 870. Hawakukuta jamii iliyowatangulia, isipokuwa, kama maandiko yao ya kale yanavyodai, watawa wachache wa Kikristo walioondoka upesi. Hapakuwa na wenyeji wa kuwaeleza kilima hiki kinaitwaje au kwa nini mto ule hufurika ghafla bila mvua. Yote hayo walilazimika kuyatafutia maelezo wenyewe.

Maelezo hayo yalikuzwa gizani. Mwezi Desemba, jua la Reykjavík, mji mkuu, huonekana kwa saa nne hivi tu. Katika jioni hizo ndefu, jamaa wote wa shamba pamoja na watumishi wao walikusanyika katika chumba kimoja walichokitumia kulala na kufanya kazi, baðstofa, wakasokota na kufuma sufu huku mmoja wao akisoma kwa sauti au akisimulia. Mnamo 1852 Jón Árnason, aliyekuwa mkutubi mjini Reykjavík, alishirikiana na Magnús Grímsson kuchapisha mkusanyo mdogo wa simulizi hizo, nao haukupokewa kwa shangwe. Mambo yalibadilika baada ya msomi wa Kijerumani, Konrad Maurer, kuizunguka nchi mwaka 1858 na kuwatia moyo waendelee. Jón aliwaandikia mapadri na watu wengine wa mashambani kuwaomba hadithi, nao wakamjibu, na mkusanyo mkubwa wa juzuu mbili ukatoka Leipzig kati ya 1862 na 1864. Kwa hiyo hadithi nyingi zilifika kwa Jón zikiwa bado na udongo wa kwao, maana mwandishi wa barua alikuwa akiishi karibu na jiwe analolitaja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Drangey, kisiwa kidogo chenye kingo wima za takriban mita 180 katikati ya ghuba ya Skagafjörður, kaskazini mwa nchi. Inasimuliwa kwamba majitu mawili ya usiku, mume na mke, walikuwa na ng'ombe aliyekuwa tayari kupandwa, wakaamua kumvusha ghuba usiku kumpeleka kwa fahali. Jitu la kiume lilimvuta ng'ombe kwa mbele, la kike likamswaga kwa nyuma. Alfajiri iliwakuta majini, na kwa kuwa majitu ya namna hiyo hugeuka mawe yakiguswa na mwanga wa jua, ng'ombe akawa Drangey, na wale wawili wakawa nguzo mbili za mawe, moja kila upande wake. Ile ya kusini, wanayoiita Kerling, mwanamke mzee, ingali imesimama. Mumewe aliporomoka baharini mwaka 1755 kwa tetemeko la ardhi. Tangu hapo hadithi inamtaja mtu ambaye hawezi kuonyeshwa tena kwa kidole, na kwa njia hiyo imetunza kumbukumbu ya jinsi ghuba ile ilivyoonekana zaidi ya karne mbili na nusu zilizopita, kabla hajazaliwa mpiga picha yeyote.

Kisiwa hichohicho kina hadithi ya pili, iliyo nzito zaidi. Watu wa wilaya ile walikitegemea kwa chakula: kila majira ya machipuko walishuka kwa kamba kwenye kingo zake kuokota mayai na kukamata ndege wa baharini. Wengi walianguka wakafa, na ilisemekana kamba zao zilionekana kana kwamba zimekatwa kwa shoka. Wakamwita Guðmundur Arason, aliyekuwa askofu wa Hólar kuanzia 1203 hadi 1237 na ambaye watu walimjua kwa kubariki visima na majabali kote nchini. Askofu akakizunguka kisiwa akining'inia kwa kamba huku akisali na kunyunyiza maji ya baraka, hadi karibu amalize. Ndipo mkono mkubwa wa kijivu, wenye manyoya, uliovaa mkono wa vazi jekundu, ukachomoza mwambani ukiwa na jisu, ukaanza kukata kamba yake. Uzi mmoja ukahimili. Sauti ikatoka jabalini ikimwambia aache kubariki, kwa maana wabaya nao lazima wawe na mahali pa kukaa. Askofu akakubali. Akapandishwa juu, na sehemu ile ikaachwa bila baraka. Inaitwa Heiðnaberg, jabali la kipagani, na kwa muda mrefu wawindaji hawakuthubutu kuteremka hapo.

Wako wataalamu watakaosema hadithi hii ni ilani ya usalama tu: upande ule una mawe makali yanayokata kamba, basi usishuke. Sikatai, lakini maelezo hayo hayatoshi. Ilani haihitaji askofu anayekubali kushindwa. Kinachonivutia ni kwamba msimuliaji Mkristo, katika nchi ya Kikristo, alimpa mpinzani hoja yenye haki ndani yake, na mtakatifu wake akaisikiliza.

Kusini mwa nchi mambo ni makali zaidi, kwa sababu huko hadithi inazungumzia volkeno inayoweza kulipuka tena. Katla imefunikwa na barafuto ya Mýrdalsjökull. Inapolipuka, moto huyeyusha barafu kutoka chini, na maji yenye mchanga na mapande ya barafu hufurika hadi baharini kwa muda mfupi mno. Simulizi yake ni hii. Katika monasteri ya Þykkvabær palikuwa na mtunza nyumba aitwaye Katla, mjuzi wa uchawi, ambaye hata abate alimwogopa. Alikuwa na suruali ya ajabu: aliyeivaa hakuchoka kukimbia. Msimu mmoja wa vuli, Katla na abate walipokwenda karamuni, mchunga kondoo aitwaye Barði aliivaa kwa siri ili awakusanye kondoo wote waliotawanyika. Katla aligundua, akamwua, na kuutumbukiza mwili wake katika pipa la maji machachu ya maziwa lililokuwa karibu na mlango. Baridi iliposonga mbele na watu wakizidi kuchota kinywaji hicho, pipa likapungua, na Katla akasikika akinung'unika kwamba karibu Barði ataanza kuonekana. Alipoona siri yake haina budi kufichuka, alivaa suruali ile, akakimbilia barafuni na kujitupa katika ufa. Mara mafuriko yakatoka barafuni kuelekea monasteri.

Tazama ustadi wa hadithi hii. Kiwango cha pipa kinashuka kidogo kidogo, kila anayechota haoni lolote, na anayejua ukweli ni mmoja tu. Sijui maelezo bora zaidi ya kuishi chini ya volkeno iliyonyamaza. Mlipuko mkubwa wa mwisho uliopasua barafu ya Katla ulianza tarehe 12 Oktoba 1918, na ulipotokea, watu wa Álftaver, wilaya ya monasteri hiyohiyo, walikuwa malishoni wakikusanya kondoo wa vuli. Iliwabidi kukimbiza farasi wao mbele ya maji ili waokoke.

Karibu na hapo, mbele ya kijiji cha Vík, ziko nguzo za Reynisdrangar, zinazosemwa kuwa majitu yaliyokuwa yakiburuta merikebu ya milingoti mitatu kuileta pwani yakacheleweshwa na mapambazuko. Ufuko wa mchanga mweusi unaozitazama, Reynisfjara, umekwisha kuua watalii, kwa kuwa wimbi moja lililo kubwa kuliko mengine hupanda ghafla na kumzoa aliyesimama akipiga picha. Kaskazini-mashariki liko bonde la Ásbyrgi, lenye umbo la kwato, urefu wa kilomita 3.5 na kuta zifikazo mita 100; wazee walisema Sleipnir, farasi wa miguu minane wa mungu Odin, alikanyaga pale. Wanajiolojia wanasema ni kazi ya mafuriko makubwa ya mto Jökulsá á Fjöllum baada ya Enzi ya Barafu. Maelezo yote mawili yanakubaliana kwamba bonde lile lilifanywa na kitu chenye nguvu kilichopita kwa haraka.

Hata hivyo, si kila hadithi anayosimuliwa mtalii ina mizizi mirefu. Kwenye poromoko la Goðafoss ataambiwa kwamba Þorgeir, mnenaji wa sheria, yaani kiongozi wa baraza aliyezikariri sheria mbele ya watu, aliyeamua karibu na mwaka 1000 kwamba nchi nzima ifuate Ukristo, alirudi nyumbani na kutupa sanamu za miungu yake majini. Ari Þorgilsson, aliyeandika historia ya nchi katika karne ya 12, anaeleza jinsi Þorgeir alivyolala mchana na usiku kutwa chini ya joho lake kabla ya kutoa uamuzi, lakini juu ya sanamu hasemi neno. Mimi naisimulia hadithi ya sanamu kwa furaha, ila naiweka mbali na zile za Drangey.

Nimalizie na huldufólk, watu waliofichika. Wasikilizaji waliolelewa pwani huenda wakawafikiria majini mara moja, naomba tusiharakishe. Huldufólk hawampandi mtu kichwani wala hawapungwi. Wanaishi ndani ya mawe na vilima, wanafuga ng'ombe, wanavua samaki, wana makanisa yao, nao hukasirika hasa wanapobomolewa nyumba. Katika mji wa Kópavogur iko barabara inayobanwa kukwepa kilima chao, Álfhóll. Mwaka 2013 ujenzi wa barabara katika uwanja wa lava wa Gálgahraun ulipingwa na wanamazingira, na polisi wakawakamata waandamanaji kadhaa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba mwamba uitwao Ófeigskirkja ni kanisa la huldufólk. Vyombo vya habari vya nje vilicheka. Havikueleza kwamba sheria ya urithi wa kitamaduni ya mwaka 2012 inahesabu kuwa mambo ya kale, yakifikisha umri wa miaka mia moja, hata maeneo yanayohusishwa na imani na simulizi za watu, na kwamba wapinzani wengi walikuwa wakilitetea lile lava lenyewe. Mwaka 2015 mwamba ule uliinuliwa kwa mtambo ukahamishiwa kando, na barabara ikapita. Kama hadithi yake imehama nao au imebaki chini ya lami, hilo ni swali ambalo ningependa tulijadili pamoja. Karibuni kwa maswali.