Mgeni Huyu Msimpe Jembe Siku ya Tatu

Assalamu alaikum. Nashukuru mmejaa, na Machi si mwezi wa kujazana ukumbini. Kaskazi imelegea, kusi bado haijaingia, na sisi wenyewe wa Lamu twagombea baraza lenye kivuli. Sasa mfikirieni aliyetoka kwenye baridi ya Uingereza juzi, amekuja kujitolea.

Nimelisema hili miaka na leo nalirudia: mgeni huyu msimpe jembe siku ya tatu. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Ndani ya siku hizo maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Kumwambia mtu ajikaze hakuharakishi chochote.

Kuna kijana alipandishwa kupaka rangi mabati ya darasa, saa saba mchana, siku ya nne tangu ashuke kwenye boti. Hakulalamika. Hawa huona haya kulalamika, wanaogopa kuambiwa wamekuja kustarehe. Tukamwona anachovya brashi kwenye ndoo ya maji, anapaka, anachovya tena. Watu wakacheka! Kuulizwa jina lake, akajibu maneno yasiyoeleweka. Jamani, kuchanganyikiwa ndiyo dalili yenyewe. Joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo huanza kuathirika, hata kama jasho bado linamtiririka. Na kwa unyevu wa hewa yetu, jasho hilo halikauki likampoza. Tulimshusha, tukamlaza kivulini, tukammwagia maji mwili mzima, wawili wakimpepea kwa vipepeo vya ukili, huku mwingine akitafuta boti ya kumpeleka hospitali. Msingoje boti ndipo muanze kumpoza.

Najua mtasema, mbona wavuvi wetu hushinda juani? Wamekulia humo, na wengi hutoka alfajiri. Mwashi naye, adhuhuri ikiadhiniwa, huweka mwiko chini. Hata mtoto wetu akikaa Ulaya mwaka mzima, akirudi hulia na joto, kwa sababu mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache.

Naona naoneshwa saa. La maji, upesi: anayetoka jasho kutwa asinywe maji matupu tu, ale na chakula chenye chumvi. La mavazi na la kulala darini nayaacha. Kazi nzito ianze saa kumi na mbili asubuhi, ikome saa nne. Mwenye wageni wanaofika wiki hii asiondoke. Tukae hapa tuandike ratiba yao.