Kidonda Kiacheni Kifunikwe

Nasikia mtu pale nyuma anaguna, "Amekuja tena na vidonda vyake." Ndiyo, nimekuja, na nitazidi kuja mpaka muache kufungua bandeji kila asubuhi.

Wodini mnaona wenyewe. Shashi imekauka na kugandana na kidonda. Nesi anamwagia maji ya chumvi, lakini foleni imefika mlangoni, hawezi kungoja ilainike. Anavuta. Inatoka na nyama mpya, ile nyekundu yenye vitone vya damu, kazi ya wiki nzima. Mama wa watu amekaza meno, nasi tunamwambia, "Pole mama, tulitaka kuona kama kinapona." Kilikuwa kinapona! Na hata shashi isipoganda, kidonda kikifunuliwa hupoa, na seli zikipoa huzembea kugawanyika. Ni kama kufunua sufuria ya wali kila dakika kisha ushangae mbona hauivi.

Simaanishi msifungue kamwe, msije mkanisingizia. Kikinuka, bandeji ikilowa, mgonjwa akishikwa na homa, fungua upesi.

Sasa, vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima, ili tujue hali ya kidonda bila kukifungua. Cha kidonda ni utando mwembamba unaolala chini ya bandeji na kusoma majimaji yake. Ngozi nzima ina asidi kidogo, pH 4 hadi 6 hivi (pH ni kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi imepungua); kidonda sugu mara nyingi hupanda kupita 7. Joto likipanda, shuku maambukizi. Timu ya mtafiti Wei Gao pale chuo kikuu cha Caltech, Marekani, mwaka 2023 ilionyesha bandeji inayopima hayo pamoja na asidi ya uriki, taka mojawapo ya mwili, na kutuma majibu bila waya. Waliijaribu kwa panya wenye kisukari.

Najua mtaniambia, "Daktari, sisi hata shashi zinatuishia, wewe unatuletea mambo ya Marekani." Haya, mama wa Nyalenda, hapa Kisumu, anayejidunga kidole kupima sukari anatumia nini? Ile stripu ni kihisi! Ina kimeng'enya, protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, kinachokamata glukosi, ile sukari ya damu, umeme kidogo unatokea, mashine inausoma. Mwanasayansi Mmarekani Leland Clark alieleza wazo hilo 1962, na leo stripu zinauzwa kemisti hapa Kondele. Bei yake tuiache, nitakasirika bure. Wala sisemi bandeji ile ya Caltech itafika kesho.

Kuhusu betri, na nani atakayesoma hizo namba saa nane usiku, nilikuwa na mengi. Muda umekwisha.

Kwa sasa shikeni rula. Mara moja kwa wiki, siku ya kubadilisha bandeji, pima urefu na upana wa kidonda, zidisha, andika kwenye daftari la mgonjwa. Kidonda cha mguu wa kisukari kisipopungua hadi nusu kwa wiki 4, msiendelee kupaka dawa ile ile. Mwandikieni rufaa, na zile namba ziende naye.