Siku ya Utamaduni Ikishapita

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wafanyakazi wa chuo, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye shughuli hii: asanteni kwa mwaliko.

Nimeombwa nizungumzie kusherehekea wingi wa tamaduni chuoni. Sherehe zenyewe mnazijua kunishinda. Bendera zinatundikwa, watu wanavaa mavazi ya kwao, kuna muziki, kuna meza za vyakula, na picha zinapigwa mpaka simu zinaisha chaji. Umoja wa Mataifa nao una siku yake, tarehe 21 Mei. Sina ugomvi na siku hizi. Mwanafunzi aliyeficha lafudhi yake mwaka mzima ana haki ya kupanda jukwaani jioni moja, akaongea kwa sauti yake, akapigiwa makofi.

Mimi nataka tuzungumze habari ya kesho yake asubuhi, bendera zimeshakunjwa na watu wamerudi darasani. Nani anakaa na nani? Nani anaitwa kwenye kundi la kazi, na nani anabaki anazungusha macho akisubiri mhadhiri amtafutie pa kuingia? Hapo ndipo utajua chuo kimejumuisha watu au kimewaweka tu mahali pamoja.

Mchanganyiko wenyewe si mgeni vyuoni. Vyuo vya kale vilisimama kwa sababu watu walitoka mbali kuja kusoma. Katikati ya karne ya 12 mfalme Frederick Barbarossa wa Ujerumani alitoa hati ya kuwalinda wanafunzi wasafiri, wale wa Bologna, Italia, wakiwamo, kwa kuwa ilikuwa kawaida mgeni kukamatwa alipie deni la mtu mwingine wa kwao. Al-Azhar ya Cairo, ndani ya msikiti uliojengwa karne ya 10, ilikuja kuwa na mabaraza ya malazi kwa kila jamii: Wamaghribi na lao, watu wa Sham na lao, Waturuki na lao, na Wajabarti kutoka Pembe ya Afrika na lao. Chuo cha Paris kiliwagawa watu wake, kwa kufuata walikotoka, katika makundi manne yaliyoitwa mataifa, kila moja na kiongozi wake. Mpango huo ulimpa mgeni mtu wa kumkimbilia akiugua au akiishiwa. Lakini haukuwafanya wapendane. Jacques de Vitry, kasisi wa karne ya 13, aliorodhesha matusi waliyokuwa wakirushiana pale Paris, na mojawapo lilikuwa kwamba Waingereza ni walevi na wana mikia. Wasomi hao!

Kwa hiyo kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Kuna kesi moja inayolionyesha hili kuliko nadharia zote, na naomba mnivumilie niisimulie kwa kirefu.

Mwaka 1948 George McLaurin, mwalimu mweusi ambaye tayari alikuwa na shahada ya uzamili, aliomba kusoma shahada ya uzamivu ya elimu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani. Akakataliwa kwa rangi yake, kwani sheria ya jimbo ilikataza weusi na weupe kusoma pamoja. Akaenda mahakamani, akashinda, chuo kikalazimika kumpokea. Sheria ikarekebishwa ili aingie, lakini kwa sharti kwamba atafundishwa kwa kutengwa.

Basi akaingia. Darasani akapangiwa kukaa kwenye chumba cha pembeni, anasikiliza somo kupitia uwazi wa mlango. Maktaba akapewa dawati lake ghorofani, akakatazwa kutumia meza za chumba cha kusomea cha wengine. Kwenye mkahawa akawekewa meza yake na saa zake za kula. Baadaye utaratibu ukalegezwa: akaletwa ndani ya darasa, kwenye safu iliyotengwa kwa ajili ya watu wa rangi yake, na kwa muda safu hiyo ilizungushiwa uzio wenye kibao.

Angalieni jambo moja. Mhadhiri alikuwa yuleyule, vitabu vilevile, mtihani uleule. Ukihesabu wanafunzi kwa rangi zao, chuo kilikuwa tayari kimechanganyika. Ripoti ya mwaka ingeweza kuandika hivyo na isiwe imesema uongo.

Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ikasema utaratibu ule haukubaliki. Sababu yao ndiyo iliyonifanya niilete kesi hii hapa. Walisema vikwazo vile vinamharibia uwezo wa kusoma, wa kujadiliana na kubadilishana mawazo na wenzake, na kwa ujumla wa kujifunza taaluma yake. Yaani majaji walikubali kwamba mazungumzo baina ya wanafunzi ni sehemu ya elimu yenyewe. Aliyetengwa na mazungumzo hayo amepewa elimu pungufu, hata kama ameusikia kila mhadhara.

Jimbo lilikuwa na hoja ya kujitetea, na bado naisikia vyuoni mpaka leo, kwa maneno mengine. Lilidai kwamba hata vikwazo vikiondolewa, wanafunzi weupe huenda wasikae naye tu, sasa kuna faida gani? Mahakama ikajibu kwamba kuna tofauti kubwa kati ya dola kuwazuia watu wasichangamane, na mtu mmoja mmoja kuamua mwenyewe asichangamane. Jukumu la kwanza la taasisi ni kuondoa kizuizi chake.

Jibu hilo lilitosha kwa mahakama. Kwa walimu, naona halitoshi. Mahakama inaondoa uzio, lakini mwalimu ndiye anayepanga kazi za darasa, na kila anapozipanga anawaleta watu karibu au anawaweka mbali. Mhadhiri anayesema "jigaweni makundi ya watu watano" kisha akageukia kompyuta yake, anajua fika kitakachotokea. Waliosoma shule moja watashikana, wanaozungumza lugha moja watashikana, na yule aliyekuja peke yake atamalizikia kwenye kundi la masalia. Hakuna kibao wala uzio, lakini ukitazama kutoka nyuma ya ukumbi utaiona ile safu.

Gordon Allport, mwanasaikolojia, aliliandika jambo hili mwaka 1954. Alisema kukutana kwa watu wa makundi mbalimbali kunapunguza chuki iwapo wanakutana wakiwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanalifikia kwa kushirikiana, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 500 wakaona kwamba kwa jumla kukutana kunapunguza chuki hata masharti yote yasipotimia, ila yakitimia matokeo huwa mazuri zaidi. Sasa pimeni siku ya utamaduni kwa masharti hayo. Hadhi sawa, labda. Mamlaka kuunga mkono, ndiyo, maana mkuu wa chuo huja kufungua. Lakini lengo la pamoja liko wapi, kama mmoja anacheza na mwingine anatazama?

Wahenga walilifupisha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitaja methali hii kama kejeli kwa mgeni asiyeondoka. Mimi naiona ni heshima, kwa sababu aliyepewa jembe ameshahesabiwa kuwa mtu wa shamba hili, na mavuno yakipungua ataulizwa kama wengine.

Mwanasaikolojia mwingine, Elliot Aronson, aligawa majembe darasani. Ilikuwa Austin, Texas, mwaka 1971, watoto wa rangi mbalimbali wamechanganywa shuleni kwa amri na wanagombana. Yeye na wanafunzi wake waliligawa somo vipande. Kila mtoto katika kundi dogo alipewa kipande ambacho mwenzake hana. Kwanza alikwenda kukaa na watoto wa makundi mengine wenye kipande kama chake, wakakichambua mpaka wakakielewa, kisha akarudi kuwafundisha wenzake. Mtihani ulihusu somo zima. Hapo yule mtoto anayesitasita akizungumza, ambaye jana alichekwa, leo hawezi kupuuzwa, kwani asiposikilizwa wote wanakosa. Watoto wakaanza kupendana zaidi, na wale wa jamii za wachache wakafanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Njia hii inafaa pia kwa watu wazima chuoni, na haihitaji bajeti. Mhadhiri anahitaji tu jioni moja ya kuligawa somo vizuri. Hapo ndipo penye ugumu, nakiri, maana ukiligawa vibaya kila mtu ataandika aya yake, mmoja aziunganishe usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na iitwe kazi ya kundi.

Kuna wanaopenda njia nyepesi: semina ya saa moja mwanzoni mwa mwaka, ya kumwambia mwanafunzi mpya kwamba wasiwasi wa kujiona si wa hapa huwapata wengi na hupita. Msiidharau. Gregory Walton na Geoffrey Cohen waliijaribu, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2011 yalionyesha kwamba zoezi fupi la aina hiyo liliinua alama za wanafunzi weusi kwa miaka mitatu. Lakini jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023, la wanafunzi zaidi ya 26,000 katika vyuo 22, likaongeza jambo ambalo wasimamizi wetu wangelibandika ofisini. Zoezi lilisaidia pale tu ambapo chuo chenyewe kiliwapa wanafunzi wa kundi analotoka mhusika nafasi ya kweli ya kuwa sehemu yake. Ukimwambia mtu atazoea, kisha mazingira yakamwambia kinyume, ataamini mazingira.

Na mazingira ni pamoja na nani anakalia kiti cha juu. Chuo cha Gallaudet kilichopo Washington kimekuwa na ruhusa ya kutoa shahada kwa viziwi tangu 1864. Mpaka 1988 hakikuwa kimewahi kuongozwa na kiziwi. Mwezi Machi mwaka huo bodi ilikuwa na majina matatu mezani, mawili ya viziwi, ikamteua yule mmoja anayesikia. Wanafunzi wakafunga malango, wakaandamana, na ndani ya wiki moja aliyeteuliwa akajiuzulu na I. King Jordan akawa rais wa kwanza kiziwi wa chuo hicho. Watu hukumbuka jina lake. Mimi hukumbuka dai lingine walilolipata: kwamba viziwi wawe wengi kwenye bodi. Vijana wale walijua rais mmoja anaweza kuondoka, na kwamba maamuzi hufanywa kwenye vikao.

Kwa hiyo mkiniuliza nianzie wapi, sitaanza na jukwaa. Nitaomba ratiba ya mitihani niione imegongana na sikukuu za nani. Nitaangalia kama mwenye kiti cha magurudumu anafika maabara bila kubebwa. Nitauliza nani wanaingia seneti na kamati ya nidhamu, na kama mwanafunzi akilalamika kuhusu mhadhiri, lalamiko linapitia kwa mhadhiri huyohuyo. Majina ya watu mtajifunza kuyatamka, hilo ni dogo na halina kisingizio. Na makundi ya kazi yapangwe na mwalimu, angalau muhula wa kwanza.

Naona mikono imeshaanza kunyooshwa, na nadhani nalijua swali: kumpangia mtu mzima wa kufanya naye kazi si kumnyang'anya uhuru wake? Ni swali zuri, na nina jibu nusu tu. Mwenyekiti, tuanze na hilo.