Malaika wa Rautavaara Hakuja Kutubembeleza

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wengi wenu mmeshanisikia nikililalamikia jambo hili, na waliochoka nawaomba radhi mapema, kwa sababu leo nitalilalamikia tena. Einojuhani Rautavaara, mtunzi wa Kifini aliyezaliwa Helsinki mwaka 1928 na kufariki huko huko mwaka 2016, alipata bahati iliyowapita watunzi wengi wa rika lake: wasikilizaji wa kawaida wanampenda. Simfoni yake ya Saba, yaani kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa, iitwayo Malaika wa Nuru, aliyoiandika mwaka 1994 kwa ajili ya okestra ya mji wa Bloomington huko Marekani, ilirekodiwa na Okestra ya Filharmonia ya Helsinki ikiongozwa na Leif Segerstam, na tangu hapo jina la Rautavaara likavuka mipaka ya Ufini. (Segerstam mwenyewe alitunga simfoni zaidi ya 300, kwa hiyo ukarimu wake wa kupata nafasi ya simfoni za mwenzake ni wa kushukuriwa.) Sigombani na mapenzi ya watu. Ninachogombana nacho ni kufanya muziki huu kuwa kitu cha kupumzikia, kinachowekwa kwa sauti ya chini mtu akitoka kazini, ili kimletee usingizi.

Niruhusuni nianzie kwenye Cantus Arcticus, ingawa wanaonifahamu walikwisha kujua kwamba nitaanzia hapo. Chuo Kikuu cha Oulu kilihitaji kazi ya kupamba sherehe ya kutunuku shahada za udaktari mwaka 1972, na badala ya kantata, yaani kazi ya kuimbwa, ya kwaya na shangwe, ambayo ndiyo desturi ya hafla kama hizo, Rautavaara aliwaletea konseto, yaani kazi ambayo sauti moja hutangulia na okestra huisindikiza, ya ndege na okestra. Sauti za ndege alikuwa amezirekodi kwenye vinamasi vya Liminka na karibu na mstari wa Aktiki. Ukumbini, kanda huchezwa pamoja na wapiga vyombo, na mwongozaji hana namna ya kumwamuru ndege aanze au anyamaze.

Hapa ndipo mtu huinua mkono na kusema kwamba huo ni ujanja tu, na kwamba yeyote mwenye kinasa sauti anaweza kwenda kinamasini akarudi na muziki. Mtu huyo namwomba asikilize sehemu ya pili, iitwayo Melankolia. Yumo humo ndege mdogo ambaye Wafini humwita tunturikiuru, anayeenea kwenye kiganja cha mkono, na ambaye mlio wake wa asili ni mwembamba, wa haraka, na hupita kabla hujajua umetoka upande gani. Rautavaara aliushusha mlio huo oktava mbili, yaani ngazi mbili nzima za muziki, toka do hadi do ya chini yake, mara mbili. Kanda inapozungushwa kwa nusu ya mwendo wake, sauti hushuka oktava moja. Ikizungushwa kwa robo, hushuka mbili, na kila kilichodumu sekunde moja hudumu nne. Kwa hiyo migeuko ya sauti ambayo sikio halikuweza kuitenganisha inafunguka yote, na ndege yule anatoka akiwa mkubwa, mzito, mwenye kuomboleza, kama kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Hakuna noti iliyobuniwa hapo, kwani yote yalikuwemo katika koo la yule ndege; mtunzi alichofanya ni kutupa muda wa kuyasikia. Fidla zinamzunguka kwa sauti za juu na za polepole, bila kujaribu kumwiga. Anayesema kwamba huo ni muziki wa kutuliza neva, sijui alikuwa anasikiliza nini.

Sehemu ya tatu ni ya batamaji wanaohama, ambao hulia kwa wingi zaidi na zaidi mpaka okestra nzima inapanda pamoja nao, kisha wote hutokomea. Wasikilizaji huipenda sana, nami sina la kuongeza.

Turudi kwa malaika. Rautavaara alisimulia kwamba utotoni aliota ndotoni kiumbe kikubwa cha kijivu, chenye nguvu na kisichosema, kikimkumbatia hata akaogopa kukosa pumzi, na kwamba alishindana nacho usiku baada ya usiku mpaka akajifunza kujisalimisha. Malaika wake wanatoka huko. Wamo katika Malaika na Majilio ya mwaka 1978, wamo katika konseto ya besi kubwa, kile chombo cha nyuzi chenye sauti nzito kuliko vyote vya familia ya fidla, ya mwaka 1980, na wamo katika Simfoni ya Saba, ambayo watu husikiliza sehemu yake ya kwanza, iliyoandikwa Tranquillo, yaani kwa utulivu, wakaridhika na kuzima chombo. Sehemu ya pili ni Molto allegro, yaani haraka sana: vyombo vya shaba vinagongana, ngoma zinakatiza, na nuru ile ya mwanzo haina pa kujificha. Asiyeivumilia sehemu hii hajaisikia hata ile ya kwanza, kwa kuwa utulivu wa kwanza unapata uzito wake kutokana na kile kinachoufuata.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilitaka kuzungumzia Arabescata ya mwaka 1962, simfoni yake ya Nne, iliyofuata nidhamu kali ya noti kumi na mbili, ambapo mtunzi hupanga noti zote kumi na mbili kwa mfuatano maalumu na kuufuata, na ambayo wapenzi wake wengi huiruka, ilhali bila ya nidhamu ile sidhani kama wingi wa sauti katika kazi za baadaye ungesimama wima. Nilitaka pia kutaja Simfoni ya Nane, aliyowaandikia Okestra ya Philadelphia. Hayo yatasubiri. Dakika zilizobaki nisingependa kuzimaliza kwa maneno yangu. Ndugu fundi, tuwekee sehemu ya pili ya Simfoni ya Saba tangu mwanzo wake, na vyombo vya shaba vikiingia, tafadhali usiipunguze sauti hata kama mtu wa safu ya mbele atakuomba.